Mzee, Ulikuwa Unafanya Kazi Gani?

Daktari aliyemuuliza Baba swali hilo alikuwa kijana, hata mvi moja hana. Picha ya kifua ilining'inia mbele yake kwenye kioo chenye taa, naye ameinama kama fundi saa.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kazi za mkono tu, daktari."

"Za mkono zipi?"

Baba alinitazama kwanza, kana kwamba ni mimi niliyeulizwa. Kisha akaanza kueleza: maboila ya Indastrial Eria, Nairobi, mabomba ya mvuke, na ule unga mweupe waliokuwa wakiukoroga kwa maji ndani ya pipa mpaka ukawa kama uji mzito, wakausiliba kwenye boila kwa mwiko na kwa viganja. Daktari akaweka kalamu chini.

"Unga huo mliuitaje?"

"Sisi tulisema unga. Kwenye gunia iliandikwa asbesto."

Ilikuwa Machi 2022. Kikohozi kilikuwa kimeanza 2019, kikavu, kisichotoa kitu, kikimshika zaidi akipanda ngazi za nyumba ninayoishi Umoja. Mwanzo alipumzika ghorofa ya pili, baadaye ya kwanza, mwishowe akawa ananipigia simu nishuke tuongee kwenye benchi la mama mboga. Katika miaka hiyo 3 alitibiwa kifua kikuu mara 2, miezi 6 ya vidonge kisha miezi 6 mingine, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kijidudu. Sitaitaja hospitali hiyo. Kwetu ukikohoa zaidi ya wiki 2, jambo la kwanza kufikiriwa ni TB, na mara nyingi huwa ndiyo. Lakini nilipolipata faili lake, kwenye nafasi ya kazi nilikuta neno moja: amestaafu. Amestaafu kutoka wapi? Kwa miaka 3 hakuna aliyeuliza.

Baba alifanya kazi kwa kontrakta mmoja kuanzia 1979 hadi 1994. Alfajiri alitoka Maringo kwa miguu pamoja na umati ule wa wanaume wa Eastlands walioelekea viwandani. Kampuni yao ilifunika maboila na mabomba ya viwanda vya sabuni, vya nguo, vya maziwa, na kazi ya boila ilipokosekana walipelekwa kuezeka mapaa ya mabohari kwa zile bati nzito za kijivu. Wanafunzi wangu leo wakiziona shuleni huziita mawe, na hawajakosea sana. Kwa kweli ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, kwa kawaida sehemu 10 hadi 15 kwa kila 100.

Na asbesto yenyewe ni mawe pia. Huchimbwa ardhini kama madini mengine, ila ukiyaponda hayawi changarawe. Huchambuka nyuzi, kama katani. Nyuzi hizo haziungui, haziozi, na joto halipiti. Unaelewa kwa nini wenye viwanda waliipenda: kwenye boila, kwenye paa, kwenye bomba la maji, hata kwenye breki za magari. Kila fundi wa gari aliyewahi kupuliza drami ya breki kwa kompresa na kulivuta lile vumbi jeusi kabla nyuzi hizo hazijaondolewa kwenye breki, naye amo katika habari hii.

Sasa chukua kitu hicho kisichooza, kipasue kiwe chembamba mara nyingi kuliko unywele, kivute pamoja na pumzi. Kinapenya mpaka vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Chembe hai za mwili zinazokula uchafu zinakishambulia na kushindwa, zinakufa, zinaacha kovu, nyingine zinakuja, zinaacha kovu lingine. Miaka inapita hivyo bila mwenye mwili kusikia chochote. Makovu yakiwa mengi pafu linakuwa gumu. Huo ndio ugonjwa wa asbestosisi. Wengine hupata saratani ya mapafu, na anayevuta sigara hatari yake huzidishwa, haijumlishwi tu. Wengine hupata mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo, ambayo karibu kila inapoonekana asbesto imepita hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita miaka 20, 30, 40, pengine zaidi. Ukisahau kila kitu katika makala hii, shika nambari hiyo, kwa sababu ndiyo inayomkosesha mfanyakazi haki yake.

Baba ana asbestosisi. Ana pia mabaka magumu kwenye utando wa mapafu, pande zote mbili. Mungu amesaidia, mpaka leo hana saratani.

Tuliporudi nyumbani siku ile alikaa muda mrefu bila kusema, halafu akaniambia, "Mama, lakini wale wazungu walivaa barakoa." Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Alikuwa anawazungumzia mainjinia waliokuja mara moja mwaka 1985 kukagua boila. Waliingia wamejifunika pua, wakakaa dakika 20, wakatoka. Baba na wenzake waliona ni watu wenye kinyaa. Kwa miaka 37 aliiweka picha hiyo kichwani bila kuifikiria upya.

Je, ilijulikana? Ilijulikana vizuri sana. Mwaka 1924, huko Rochdale, Uingereza, alikufa mama mmoja aitwaye Nellie Kershaw, mwenye miaka 33, aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani. Daktari William Cooke alichunguza mapafu yake na kuandika alichokiona. Kiwanda kilikataa kuilipa familia. Mwaka 1931 Uingereza ikaweka kanuni za vumbi katika viwanda vya asbesto. Mwaka 1960, hapa hapa Afrika, daktari Chris Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao watu walioishi karibu na machimbo ya Kaskazini mwa Cape, Afrika Kusini, wakiwamo ambao hawakuwahi kuchimba. Baba aliajiriwa 1979. Miaka 55 baada ya Nellie Kershaw, alipewa mwiko na pipa. Barakoa hakupewa hata ya kitambaa, na hata angepewa isingefaa kitu, kwa maana nyuzi hizi hupenya kitambaa kama moshi upitavyo kwenye chandarua.

Kenya ilipiga asbesto marufuku 2006. Mapaa yaliyokuwa juu yalibaki juu.

Nirudi kwenye fidia, maana ndiko tulikopotezea usingizi mwingi.

Ukiisoma sheria yetu ya fidia utadhani walioiandika walikuwa wanatazama kidole kilichokatwa na mashine. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, hii tunayoiita WIBA, ilianza kutumika Juni 2008. Kwa ajali ni sheria nzuri. Huna haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba umeumia kazini. Mwajiri akipata habari ana siku 7 kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na mtu akifa ni saa 24. Dai la ajali linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Kikikatwa kidole leo, damu ipo, mashahidi wapo, msimamizi yupo, mashine yenyewe ipo. Miezi 12 inatosha na kubaki.

Kwa Baba, mashine iliuzwa kama chuma chakavu. Msimamizi alifariki. Kampuni imebadilisha jina mara 2 na sasa inafanya biashara nyingine kabisa.

Magonjwa hayakuachwa nje. WIBA ina jedwali la magonjwa ya kazi, na yale ya mapafu yanayoletwa na vumbi la madini yamo. Wakili wetu alitusisitizia jambo moja nami nalirudia hapa kwa nguvu zote: siku daktari anapotamka kwamba ugonjwa huu umetokana na kazi, saa imeanza kukimbia. Mwambie aandike tarehe, aandike jina la ugonjwa, aandike chanzo chake. Peleka taarifa kwa mwajiri na kwa idara ya Usalama na Afya Kazini wiki hiyo hiyo. Usingoje kupona, maana asbestosisi haiponi. Dawa zinapunguza dhiki tu.

Ofisi za idara hapa Nairobi ziko Safety House, Commercial Street, humo humo Indastrial Eria. Tulikwenda Aprili. Tuliposhuka kwenye matatu Baba alisimama akaangalia huku na huku, akanionyesha kwa fimbo: hapa palikuwa na boila, na pale, na lile ghala tuliliezeka sisi. Zile bati bado ziko juu, zimeota kuvu. Mama mmoja afisa alitupokea, akamwita Baba mzee kwa heshima, akatueleza ile fomu ya WIBA ilivyo: sehemu ya mwajiri kueleza tukio, na baadaye sehemu ya daktari kukadiria ulemavu kwa asilimia.

Sehemu ya mwajiri ndiyo iliyotukwamisha. Kampuni ilijibu kwa barua ya mistari 4: kumbukumbu zao hazionyeshi kwamba waliwahi kumwajiri mtu wa jina hilo. Niliisoma mara 3 kabla ya kumpa Baba. Miaka 15 ya mtu, mistari 4. Yeye aliisoma mara moja, akaikunja vizuri, akaenda kulala saa 12 jioni.

Kilichotuokoa kilikuwa kitu ambacho karibu kila Mkenya aliyeajiriwa anacho na hakitazami: taarifa ya michango ya NSSF, ule mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Michango ya Baba ilikuwa pale mwaka baada ya mwaka, na jina la mwajiri kando yake, lile jina la kwanza la kampuni. Kutoka hapo wakili alifanya upekuzi kwenye sajili ya makampuni akapata mabadiliko ya majina, na nambari ya usajili ni ile ile. Jina linabadilika, nambari haibadiliki. Ukipekua, fuata nambari.

Kisha picha. Mama aliitoa kwenye sanduku, ya sherehe ya Krismasi 1986, wanaume 22 mbele ya lori lenye jina la kampuni ubavuni, Baba wa tatu kutoka kushoto akiwa na afro. Tukaanza kutafuta nani yu hai. Kwa wiki 6 Baba alipiga simu Kakamega, Machakos, Murang'a, kila mara akianza na salamu ndefu kisha akinyamaza ghafla. Waliopatikana ni 4. Wawili walikubali kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba walifanya kazi pamoja naye na unga ule. Mmoja wao alikuwa anakohoa kwenye simu, nikamsikia Baba akimuuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, umepigwa picha?"

Kuhusu pesa, nitasema wazi kwa sababu watu huona haya kuuliza. Kwa ulemavu wa kudumu, WIBA inahesabu mapato ya miezi 96, kisha inachukua asilimia ya ulemavu wako. Daktari alimkadiria Baba asilimia 40. Mshahara wake wa mwisho 1994 ulikuwa shilingi 4,200. Mara 96 ni 403,200, na asilimia 40 yake ni 161,280. Ukitumia mshahara ambao fundi wa kazi ile angepata leo, tuseme 30,000, unapata 1,152,000. Bima ya mwajiri inataka hesabu ya kwanza, sisi tunataka ya pili. Mvutano wetu wote umekaa hapo, na unatokana na ile miaka 30 ya ugonjwa kujificha. Mtu aliyekatwa kidole hana mzozo huu, kwa kuwa mshahara wake na jeraha lake ni vya mwezi mmoja.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga kwa maandishi, na asiporidhika na jibu, siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Sisi bado tuko kwenye hatua ya kupinga. Kama huna pesa za wakili, Kituo cha Sheria kimekuwa kikitoa ushauri wa bure Nairobi tangu miaka ya 1970, na ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Mtu akikufuata kwenye korido ya hospitali akitaka usaini karatasi ili akupiganie kesi, nakuomba, usisaini.

Wengi huniuliza kwa nini tusiwashtaki tu kampuni mahakamani kwa uzembe. Mlango huo umefungwa. Kifungu cha 16 cha WIBA kinasema mfanyakazi hawezi kumdai mwajiri wake fidia ya ajali au ugonjwa wa kazi nje ya sheria hiyo. Mawakili walikipinga, Mahakama Kuu ikakubaliana nao 2009, Mahakama ya Rufani ikaligeuza hilo 2017, na Mahakama ya Juu ikalifunga jambo Desemba 2019: kifungu kiko halali. Mimi si mwanasheria, ni mwalimu wa historia, lakini naona kwamba kwa ugonjwa wa asbesto uamuzi huo umewaacha wazee wetu kwenye njia moja nyembamba iliyochongwa kwa ajili ya watu wengine.

Ila kifungu cha 16 kinamkinga mwajiri peke yake. Hakimkingi aliyetengeneza bidhaa, wala mwenye jengo aliyejua kuna asbesto akanyamaza. Hao wanaweza kushtakiwa kwa uzembe. Muda wa kawaida ni miaka 3, lakini kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Madai kinaruhusu kuongezewa muda kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua mambo muhimu kuhusu jeraha lake. Kwa ugonjwa unaolala miaka 30, hicho ndicho kifungu cha kumshikia wakili wako mkono umwonyeshe.

Na zipo kesi za kutia moyo. Wachimbaji wa Afrika Kusini na familia zao waliishtaki kampuni ya asbesto iitwayo Cape huko huko London ilikotoka. Kampuni ilisema waende wakashtaki kwao, lakini mwaka 2000 Mabwana wa Bunge la Uingereza, ambao wakati huo ndio waliokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, wakaamua kesi isikilizwe pale, kwa sababu kwao hawangepata mawakili wala wataalamu wa kuibeba. Mwaka 2003 walalamikaji wapatao 7,500 walilipwa kwa makubaliano ya pauni milioni 7.5. Gawanya uone: pauni 1,000 kila mmoja. Si nyingi. Hapa kwetu, watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walipigania haki yao dhidi ya sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Walipewa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakanyang'anywa na Mahakama ya Rufani 2023, wakarudishiwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Risasi si asbesto, lakini walisimama juu ya ibara ya 42 ya Katiba, haki ya mazingira safi na salama. Ibara hiyo haiulizi kama wewe ni mwajiriwa.

Mwaka jana, Agosti, nilikuwa napita mtaa mmoja wa zamani wa Eastlands unaobomolewa kupisha maghorofa. Vijana 6 walikuwa juu ya paa. Walizivunja zile bati kwa nyundo na kuzirusha chini kwenye lori, fulana wamezifunga puani, na chini kijana wa saba anafagia. Vumbi lilikuwa linang'aa kwenye jua. Nilisimama pale nikashindwa kupumua, na si kwa sababu ya vumbi.

Nikamwita aliyekuwa anafagia. "Mwanangu, unajua hiyo ni nini?"

"Hii ni mawe tu ya kitambo, mathe."

Kazi hiyo ina utaratibu wake, na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, imeuandika. Bati hulowanishwa maji kwanza, hufunguliwa nzima bila kuvunjwa, hushushwa polepole, hufungwa kwa nailoni nzito, huwekewa alama, husafirishwa na mwenye leseni na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Wafanyakazi huvaa barakoa maalumu na nguo ambazo hawaendi nazo nyumbani. Bati ambayo haijapasuka na haijaguswa haina hatari kubwa kwa aliye chini yake. Hatari huja na nyundo, msumeno, drili na ufagio mkavu. Vijana wale walikuwa wanafanya kila lililokatazwa, kwa shilingi 700 kwa siku.

Msimamizi alinifukuza. Kabla sijaondoka nilimwambia yule kijana mambo machache, nayaandika hapa kwa ajili ya wenzake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inampa mfanyakazi nafasi ya kuripoti hatari kubwa kwa msimamizi, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla ya kuiondoa, wala kumfuta kwa kulalamika. Najua sheria hiyo haina nguvu mbele ya mtu mwenye njaa ya leo. Kwa hiyo nilimwomba kitu ambacho hakimgharimu kazi. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo usiufute. Piga picha ya bati na ya kile kibao cha kontrakta pale getini. Jumbe za kundi la WhatsApp ambamo msimamizi anawaita kazini, zihifadhi. Andika tarehe na majina ya wenzako wote, majina kamili, si ya utani. Vibarua hawajatengwa na WIBA. Wanachokosa ni karatasi. Mwaka 2055 kontrakta huyo atakuwa na jina la nne.

Jioni ile alinitumia picha 3. Kibao kinasomeka vizuri.

Nimemwachia Mama mwisho, na sheria pia imemwacha mwisho.

Ovaroli ya Baba ilikuwa ya buluu, lakini ilirudi nyumbani nyeupe. Kila Jumamosi Mama aliipeleka uani, akaikung'uta kwanza, mara 4 au 5, kwa nguvu, mpaka wingu likamfunika, ndipo akaitia kwenye karai. Mimi nilikuwa nashika upande wa miguu. Nilikuwa na miaka 7. Tulipenda sana mchezo ule, tulipiga chafya tukacheka. Daktari alipotueleza, Mama hakusema kitu isipokuwa usiku, tukiwa jikoni: "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako ni hivi." Methali hiyo nimeifundisha miaka 20 na sikuwahi kuisikia hivyo.

Mama hakuajiriwa na kontrakta, kwa hiyo WIBA haimjui. Kwa upande mwingine, kifungu cha 16 nacho hakimhusu, kwa hiyo yeye anaweza kuishtaki kampuni kwa uzembe, kitu ambacho Baba hawezi. Huko Leeds, Uingereza, mwaka 1995, mwanamke aliyecheza utotoni karibu na kiwanda cha asbesto aliugua mesothelioma na akashinda kesi. Mahakama ilisema wenye kiwanda walipaswa kujua, tangu miaka ya 1930, kwamba vumbi linaweza kumdhuru mtu aliye nje ya geti. Wakili wetu ameiweka kesi hiyo kwenye faili. Sisi tunaomba isihitajike.

Mwezi uliopita nilimpeleka kupigwa picha. Mimi nilipigwa pia, siku hiyo hiyo. Mimi niko salama mpaka sasa. Yeye ana baka moja dogo, upande wa kushoto, la kuangaliwa kila mwaka. Daktari alikuwa yule yule kijana. Alivuta faili jipya, akaandika jina, umri, mtaa, kisha akainua uso.

"Na wewe Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Mama alikaa sawa kwenye kiti, akaweka mkoba magotini.

"Nilikuwa nafua," akasema. "Andika hivyo. Nilifua ovaroli miaka 15."